Mkulima mdogo na chakula cha nchi

1. Chakula cha mji chatoka wapi?

Mji haulimi. Mjini kuna nyumba, maduka, karakana na ofisi. Mashamba ni machache. Hata hivyo watu wa mji hula kila siku. Mwaka 1960 Kinshasa, mji mkuu wa Kongo, ulikuwa na watu wapata 400,000. Leo watu wake huhesabiwa kuwa zaidi ya milioni 15. Hao wote, jua likishuka, wataka sahani yao. Vivyo hivyo watu wa Lubumbashi, Bukavu, Goma, Kisangani na Mbuji-Mayi. Jina la chakula hubadilika: huku husema bugali, kule bukari, kwingine fufu. Lakini njaa ni ile ile.

Je, nani huwalisha? Wengine hufikiri kwamba chakula cha nchi hutoka katika mashamba makubwa yenye mashini. Wengine husema hutoka katika meli ziletazo mchele na ngano toka ngambo. Ni kweli kwamba meli huleta vingi. Ni kweli pia kwamba mahindi mengi ya Lubumbashi hutoka Zambia. Lakini sehemu kubwa ya chakula cha Wakongo hutoka mahali pengine: katika shamba dogo la mtu mwenye jembe.

Somo hili laeleza kazi ya mtu huyo, adui zake, na sababu gani nchi nzima yapaswa kumtunza.

2. Mkulima mdogo ni nani?

Mkulima mdogo ni mtu alimaye kwa mikono yake na mikono ya jamaa yake. Hana trakta. Mali yake ni jembe, panga, kitunga na mbegu alizoziweka tangu mavuno ya mwaka uliopita. Wengi wao hawalimi hata hekta 2, na wengine hawafiki hekta 1. Hekta 1 ni kama uwanja wenye meta 100 kila upande.

Mara nyingi mkulima huyu ni mwanamke. Baba hukata miti na kufyeka. Baadaye mama hupanda, hupalilia, huvuna, huloweka, huanika na kutwanga. Mwishoni hubeba kitunga mgongoni mpaka sokoni, na pengine juu ya kitunga kuna mtoto. Mtu akitaka kujua nani hulisha Kongo, atazame migongo ya akina mama njiani siku ya soko.

Mkulima mdogo si mtu asiye na akili. Tazama shamba lake. Muhogo, mahindi, maharagwe na karanga hukaa pamoja. Mpita njia asema: «Shamba hili halina mpango.» Kumbe mpango uko. Mvua ikiharibu maharagwe, mihogo itabaki. Mahindi yakikauka, karanga zitatoa kitu. Tena mizizi ya maharagwe na ya karanga huurudishia udongo nguvu iliyopotea. Mwenye kupanda kitu kimoja tu ameweka maisha yake yote katika chungu kimoja.

Sasa fanyeni hesabu. Ukipanda mihogo kwa kuacha meta 1 kati ya shina na shina, kila upande, hekta 1 itakuwa na mashina 10,000. Katika Kongo hekta 1 hutoa kwa kawaida tani 8 hivi za mihogo mibichi. Mihogo ikimenywa na kukauka, hupungua sana: kilo 4 mbichi zatoa kilo 1 kavu. Kwa hiyo tani 8 mbichi zitakuwa tani 2 kavu, yaani kilo 2,000.

Fikiri sasa nyumba yenye watu wanane. Kila siku wala kilo 3 za unga. Kwa mwaka mzima watakula kilo 1,095. Toa 1,095 katika 2,000: zinabaki kilo 905. Hizo kilo 905 ndizo ziendazo mjini. Ndizo ziletazo chumvi, sabuni, nguo, dawa na karo ya masomo.

Lakini kama shamba ni nusu hekta, au kama ugonjwa umekula nusu ya mihogo, nyumba ile itapata kilo 1,000 tu. Hapo hazitoshi hata kwa chungu cha nyumbani. Mji hautapata kitu, na watoto watalala njaa kabla ya mwaka kwisha. Hivyo mnaona: kati ya nyumba yenye kushiba na nyumba yenye njaa kuna umbali mfupi.

3. Muhogo, mgeni aliyekuwa mwenyeji

Wazee wengi hudhani muhogo ni mti wa Afrika tangu mwanzo. Sivyo. Muhogo ni mti wa Amerika ya Kusini. Katika karne ya 16 Wareno waliuleta kwa meli mpaka pwani ya Kongo. Toka pwani ukaingia bara. Mtu alipomtembelea ndugu yake, alirudi na vijiti chini ya kwapa. Akapanda, akaonja, akampa jirani. Hivyo muhogo ulivuka mito na misitu kwa mikono ya wakulima wenyewe, kwa sababu waliona faida yake.

Faida hiyo ni nini? Muhogo hukubali udongo maskini uliokataliwa na mahindi. Huvumilia jua. Hauna haraka ya kuvunwa: ukiisha komaa waweza kukaa ardhini miezi mingi, kama ghala lisilo na mlango. Majani yake ni sombe, mboga ya kujenga mwili. Leo Kongo huhesabiwa kuwa nchi ya pili duniani kwa mavuno ya mihogo. Ya kwanza ni Nigeria.

Lakini jembe la Kongo lina habari nyingine pia, habari ya uchungu. Mwaka 1917, wakati wa utawala wa Wabeleji, ilitolewa amri ya kulima kwa lazima. Kila mwanaume wa kijiji alipaswa kutoa siku 60 kwa mwaka kwa mimea iliyochaguliwa na serikali, kama pamba, mpunga au mihogo. Wakati wa vita, mwaka 1942, siku hizo ziliongezwa zikawa 120. Aliyekataa alitozwa faini au kufungwa. Bei ya pamba haikupangwa na mkulima, ilipangwa na wengine.

Basi wazee wengi waliona jembe kama mnyororo. Wakawaambia watoto wao: «Soma sana, usije ukashika jembe.» Neno hilo laeleweka. Lakini limeacha kidonda: watoto wengi hudhani kulima ni kazi ya aliyeshindwa. Jembe halina kosa. Kosa lilikuwa kumlazimisha mtu na kumnyima haki ya jasho lake.

4. Adui wadogo wa shamba

Mkulima huogopa nguruwe wa mwitu na nyani. Lakini adui wakali kuliko hao hawaonekani kwa urahisi.

Mwanzoni mwa miaka ya 1970, katika mashamba ya karibu na Kinshasa na Brazzaville, alionekana mdudu mgeni. Alikuwa mdogo, mweupe, kana kwamba amenyunyiziwa unga. Alinyonya maji ya muhogo; majani ya juu yakajikunja kama ngumi, na shina likadumaa. Mdudu huyu alitoka Amerika ya Kusini, kama muhogo wenyewe. Kule kwao hakuleta hasara kubwa, kwa maana alikuwa na adui wa kumla. Huku Afrika alikuja bila adui zake, akatapakaa nchi hata nchi. Katika mashamba mengi zaidi ya nusu ya mavuno ilipotea. Akina mama walikosa mihogo, wakakosa na sombe.

Wengine walisema: «Tunyunyize dawa ya sumu.» Lakini mkulima mdogo angepata wapi fedha ya dawa? Na sombe yenye sumu ingeliwaje? Kituo cha elimu ya kilimo cha nchi za joto, kilicho Ibadan katika Nigeria, kilifuata njia nyingine. Mswisi mmoja, Hans Rudolf Herren, pamoja na wenzake walianza kumtafuta adui wa mdudu huyu kule alikotoka. Mwaka 1981 alipatikana Paraguay: nyigu mdogo kabisa, mwenye urefu wa milimeta 2 hivi, asiyeuma watu. Nyigu huyu hutaga yai ndani ya mdudu mweupe. Buu akitoka humla mdudu toka ndani.

Nyigu hao walizalishwa kwa wingi, wakaachwa huru katika nchi nyingi za Afrika, pengine hata toka katika ndege. Miaka michache baadaye mdudu mweupe alipungua, mihogo ikapona. Mkulima hakulipa hata franka moja. Mwaka 1995 Herren alipewa Tuzo ya Chakula ya Dunia. Kazi hiyo yafundisha jambo moja: elimu yaweza kumsaidia mkulima mdogo bila kumnyang'anya shamba lake wala kumtia deni.

Adui wa pili ni ugonjwa wa mozaiki. Majani hupata mabaka ya manjano, hujikunja, na mizizi hubaki myembamba kama vidole. Ugonjwa huu huenezwa na nzi mdogo mweupe, lakini huenezwa pia na mkono wa mkulima. Kwa namna gani? Muhogo haupandwi kwa mbegu, hupandwa kwa vijiti vya shina. Mtu akikata vijiti katika shina lenye ugonjwa, apanda ugonjwa pamoja na muhogo. Akimpa jirani, amempa hasara kwa roho nzuri.

Kwa hiyo mkulima mwenye akili hufanya hivi:
a) Huchagua mashina yenye majani mazima, tangu muhogo ungali shambani.
b) Hukata vijiti vyenye urefu wa sentimeta 20 mpaka 25 kwa kisu kikali.
c) Akiona mche wenye mabaka shambani, huung'oa mapema.
d) Huuliza aina za muhogo zinazovumilia ugonjwa. Vituo vya INERA, kama Mulungu katika Kivu ya Kusini, Yangambi na M'vuazi, vina kazi ya kuchunguza mimea ya namna hiyo.

5. Siku tatu za maji

Kuna muhogo mtamu na muhogo mchungu. Muhogo mtamu waweza kuliwa ukiwa umechemshwa tu. Muhogo mchungu una sumu, iitwayo sianidi. Mtu asiyejua auliza: «Kwa nini basi kuupanda?» Kwa sababu wanyama huuogopa, wezi hawauvuti usiku ili waule njiani, na katika udongo wa mchanga hutoa mavuno mazuri. Akina mama wa zamani walijua kuushinda uchungu huo. Waliuloweka majini siku tatu au nne, mpaka ulainike. Wakati ule nyama ya muhogo huvunjika, na sumu hutoka: nyingine huenda na maji, nyingine hupotea hewani. Kisha huanikwa juani na kutwangwa.

Mwaka 1938 daktari Trolli aliandika habari za ugonjwa wa ajabu katika Kwango, kusini-magharibi ya Kongo. Mtu alilala mzima; asubuhi miguu yake ilikuwa imekakamaa, hakuweza tena kutembea vizuri. Hakukuwa na jeraha wala homa. Wayaka waliuita konzo, maana yake miguu iliyofungwa. Hushika hasa watoto na akina mama. Aliyeshikwa nao hubaki kilema siku zote. Wengine hutembea kwa fimbo, wengine hutambaa. Ugonjwa huu umeonekana pia katika Burhinyi, Kivu ya Kusini, na katika nchi nyingine, kama Msumbiji na Tanzania.

Watu wengi walidhani ni uchawi. Majirani walitazamana kwa jicho baya. Lakini sababu yake haikuwa jirani. Sababu ilikuwa muhogo mchungu usioloweshwa vya kutosha, ukiliwa siku nyingi bila maharagwe, samaki wala nyama. Vyakula hivyo vya kujenga mwili huusaidia mwili kuiondoa sumu.

Je, kwa nini mama anayejua kazi yake aliacha kuloweka vya kutosha? Sikilizeni vizuri, maana hapa pana jambo kubwa. Barabara ya Kinshasa ilipotiwa lami mpaka upande wa Kikwit, wachuuzi walikuja na kamio kununua mihogo mikavu. Mji ulikuwa na njaa, nao ulilipa. Mazungumzo kama haya yalisikika kandokando ya njia:

– Mama, mihogo yako iko wapi?
– Iko majini, Baba. Iliingia jana. Yataka siku mbili tena.
– Siku mbili? Kamio yapita siku ya tano, na mihogo bado kuanikwa. Wenzako wameitoa ya kwao leo.
– Lakini haijalainika, Baba.
– Mimi sinunui ulaini, nanunua mifuko. Ukichelewa, juma lijalo labda sitakuja.

Mama afikiri. Mtoto amerudishwa toka masomoni kwa sababu ya karo. Chumvi imekwisha. Aitoa mihogo. Mifuko yaenda mjini, na mihogo iliyobaki ya namna ile ile yapikwa nyumbani. Maharagwe nayo yameuzwa. Jioni watoto wala bugali na sombe, kesho vilevile, na kesho kutwa. Wakati wa jua kali, ambapo mboga na nyama ni haba, mmoja wao aamka na miguu iliyofungwa.

Mwaka 1992 Banea Mayambu, mtaalamu Mkongo wa mambo ya chakula, pamoja na wenzake, kati yao daktari Mswedi Hans Rosling, waliandika juu ya jambo hilo: siku tatu za maji zilikuwa zimepunguzwa mpaka siku moja. Tazameni jinsi mambo yalivyo. Watu wa mjini walikula mihogo pamoja na samaki, mchele na vitu vingine, sumu haikuwashinda. Aliyelipa kwa miguu yake ni mtoto wa mkulima. Barabara ni kitu chema, na soko ni kitu chema. Lakini haraka ya soko ikikutana na umaskini wa kijiji, mdogo ndiye huumia.

Iko njia ya kusaidia. Howard Bradbury, mtaalamu wa kemia wa Australia, alipata namna rahisi ya kupunguza sumu iliyobaki katika unga. Tia unga mkavu katika bakuli, na ndani ya bakuli tia alama mahali unga ulipofika. Ongeza maji kidogo kidogo huku ukikoroga. Kwanza unga utashuka, halafu utapanda tena. Ukifika kwenye alama, acha kutia maji. Tandaza unga huo wenye unyevu juu ya mkeka safi; unene wake usipite sentimeta 1. Uache juani saa 2, au kivulini saa 5. Sumu itapotea hewani. Kisha pika bugali siku ile ile.

Mwaka 2010 akina mama wa kijiji cha Kay Kalenda, katika Popokabaka, Kwango, walianza kufundishwa njia hii. Muda wote walipochunguzwa, hakuonekana mgonjwa mpya wa konzo. Njia hii haiondoi kazi ya kuloweka, ila huongezwa juu yake. Haitaki mashini wala fedha. Yataka bakuli, mkeka na subira.

6. Njia na bei

Mkulima amevuna, ameloweka, ameanika. Kazi yake haijakwisha. Kongo ina kilometa za mraba zaidi ya 2,300,000, na njia nyingi ni za udongo. Mvua ikinyesha, kamio yazama matopeni siku tatu, nne, hata juma zima. Unga wapata ukungu, ndizi zaoza. Penginepo miti imelazwa njiani, na watu wanaosimama hapo hudai fedha kwa kila mfuko. Mchuuzi naye huhesabu hasara zote hizo. Hazitoi katika faida yake. Huzitoa katika bei ya mkulima, na sehemu nyingine huiweka juu ya bei ya mjini. Ndiyo sababu mtu wa mji hulia kwamba unga ni ghali, na mkulima hulia kwamba auza kwa bei ya bure. Wote wawili wasema kweli.

Tena iko vita. Katika Ituri na Kivu watu maelfu na maelfu wamekimbia mashamba yao. Aliyekimbia haachi mavuno tu, huacha na vijiti vya kupanda. Akirudi, hana pa kuanzia. Mwaka 2021 ilihesabiwa kwamba watu zaidi ya milioni 27 katika Kongo walikuwa na upungufu mkubwa wa chakula. Na Kongo ina hekta milioni 80 hivi za udongo wa kulimika, ambazo kama sehemu moja tu katika kumi ndiyo inayolimwa! Basi njaa ya Kongo si njaa ya udongo. Ni njaa ya amani, ya njia, ya vijiti vizima na ya bei ya haki.

Mkulima mmoja ni dhaifu mbele ya mchuuzi mwenye kamio. Lakini wakulima ishirini waweza kuungana. Hupima mihogo yao kwa mizani moja, huiandika katika daftari, huiweka katika ghala moja, na kumwambia mchuuzi: «Hapa pana mifuko 100, imelowekwa siku tatu, imekauka vizuri. Bei ni hii.» Hapo mchuuzi hupunguza haraka yake. Lakini chama cha namna hiyo chataka mtu ajuaye kuandika na kuhesabu, na asiye mwizi. Je, atatoka wapi, kama watoto wote wenye kusoma hulikimbia shamba?

7. Shamba kubwa la Bukanga-Lonzo

Watu wengine husema: «Mwacheni mkulima mdogo. Fanyeni shamba kubwa lenye mashini, njaa itakwisha.» Jambo hilo lilijaribiwa. Mwaka 2014 serikali ya Kongo ilifungua shamba kubwa Bukanga-Lonzo, zaidi ya kilometa 200 toka Kinshasa. Nchi iliyotengwa ilikuwa hekta 80,000. Zililetwa trakta nyingi, wakaja na wageni wenye ujuzi. Ilisemwa kwamba mahindi yatajaa Kinshasa. Mamilioni ya dola za serikali yalitumika. Lakini mwaka 2017 kazi ilikuwa imesimama. Trakta zilikaa kimya nyasini, na baadaye mambo ya fedha hizo yakapelekwa mahakamani.

Wakati ule ule akina mama wa Kwango na Kwilu waliendelea kulima. Hakuna aliyewafungulia shamba kwa sherehe. Kamio zikaendelea kupakia mihogo yao, na Kinshasa ukala.

Isidhaniwe kwamba mashini ni mbaya. Mashini ya kusaga unga imewapumzisha akina mama wengi. Wala isidhaniwe kwamba mkulima mdogo hana la kujifunza: tani 8 kwa hekta ni kidogo, kwa vijiti vizima na kupalilia mapema shamba lile lile laweza kutoa zaidi. Lakini mwenye kutaka kulisha nchi aanze na wale wanaoilisha tayari.

8. Heshima ya jembe

Mtoto anayesoma ukurasa huu labda atakuwa mwalimu, mwuguzi, fundi, mchuuzi au mtu wa serikali. Huenda atakuwa mkulima. Kila mmoja wao ana jambo la kumtendea mwenye jembe. Mwuguzi amfundishe mama juu ya konzo. Fundi atengeneze njia na madaraja. Mtu wa serikali aondoe miti iliyolazwa njiani. Mchuuzi angoje siku tatu za maji. Mwalimu asimwambie mtoto mvivu: «Nitakurudisha shambani», kana kwamba shamba ni gereza.

Na mkulima mwenyewe asione haya. Bugali ikiwekwa mezani mjini, hakuna jina lake juu ya sahani. Lakini bila yeye sahani ingekuwa tupu.

MAULIZO

1. Sehemu kubwa ya chakula cha Wakongo hutoka wapi?
2. Hekta 1 ni nini? Pimeni uwanja wenu kwa hatua, mseme ni sehemu gani ya hekta.
3. Nyumba moja yavuna kilo 1,600 za mihogo mikavu. Watu wake wala kilo 3 kila siku. Kwa mwaka zitabaki kilo ngapi za kuuza?
4. Kwa nini mkulima hupanda mimea mingi pamoja?
5. Muhogo ulitoka nchi gani? Nani walioueneza barani?
6. Kwa nini mdudu mweupe alileta hasara kubwa Afrika kuliko Amerika ya Kusini? Nani aliyemshinda?
7. Mkulima huenezaje ugonjwa wa mozaiki bila kujua?
8. Konzo ni nini? Kwa nini si haki kumshitaki jirani kwa sababu ya konzo?
9. Mama yule alitoa mihogo majini mapema. Je, kosa ni lake peke yake? Elezeni.
10. Kwa nini unga ni ghali mjini, na mkulima hubaki maskini?

KAZI. Ulizeni nyumbani: mihogo yalowekwa siku ngapi? Kisha andikeni, kwa mpango, kazi zote za muhogo tangu kijiti mpaka sahani, na karibu na kila kazi andikeni nani huifanya.